Kisiwa cha Saanane: hifadhi ya kwenda kupumzika

Wageni wengi huilinganisha Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane na Serengeti, na wakifanya hivyo ni lazima waione ndogo, kwa kuwa eneo lake lote, pamoja na maji ya Ziwa Victoria yanayokizunguka kisiwa, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Mimi naipendekeza kwa sababu nyingine: ni mahali jirani na katikati ya jiji la Mwanza ambapo mtu aliyechoka anaweza kukaa saa kadhaa bila kufanya lolote, na asionekane mvivu.

Boti huondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache. Ufupi huo ni sifa kubwa, maana mapumziko yanayodai siku nzima ya barabarani huwa ni kazi nyingine. Kisiwani kuna swala, pundamilia, pimbi na mijusi wa rangi wanaoota jua majabalini. Historia yake ni fupi: kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo, kikafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kisha kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013.

Kasoro ninayoiona ni yetu sisi wageni. Tunashuka, tunapanda jabali kwa haraka, tunapiga picha za kutosha, kisha tunaulizia boti ya kurudi. Nashauri kinyume chake: chagua kivuli, zima simu, na uvumilie ile nusu saa ya kwanza ambayo akili huendelea kuhesabu madeni na kazi zilizobaki. Baada ya hapo ndipo utulivu huanza, na wanyama ambao hukuwaona ulipokuwa ukitembea hujitokeza wenyewe.

Ziwa lenyewe lina desturi ya mapumziko. Wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta samaki kwa mwanga wa taa katika usiku wa giza, hupunguza au husitisha kazi mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu taa haziwezi kushindana na mbalamwezi. Siku hizo nyavu hushonwa, mitumbwi hukarabatiwa, na watu hulala. Hakuna anayewalaumu. Sisi wa ofisini hatuna mwezi wa kutusimamisha, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ambayo wengi wetu huimalizia kwenye ujenzi na misiba. (Mmachinga wa Makoroboi jijini Mwanza hana hata hiyo, na kwake siku moja ya kukaa ni siku moja ya kukosa mauzo, sitathubutu kumhubiria.)

Kwa hiyo, anayetaka kuona tembo na aende kwingine. Anayetaka kupumzika achague siku ya katikati ya wiki, abebe maji, chakula na kofia, kwani jua la juu ya mawe ni kali, na apange mapema na wahudumu wa boti muda wa kufuatwa, ambao ningependa uwe wa alasiri. Watoto wapelekwe pia, mradi wazazi wasiwaandalie ratiba ya michezo.