Debian 12 kwenye seva ya duka Kigoma: ikipaniki usiku, nani ataiwasha?

Kompyuta ya mezani iliyotumika, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, imewekwa chumba cha nyuma na mlango ukafungwa kufuli: ndiyo seva ya duka au steshenari unayoweza kuikuta Mwanga au Ujiji. Hapa tunapima jambo moja tu la Debian 12, mfumo wa uendeshaji wa seva hiyo: kerneli yake ya Linux, yaani kiini kinachoendesha mashine, inafanya nini mambo yakiharibika saa nane za usiku, na fundi yuko Kasulu.

Kerneli yenyewe ni imara. Mipangilio inayokuja nayo ndiyo inayoangusha. `kernel.panic` huja ikiwa 0, maana yake kerneli ikipaniki, yaani ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, inasimama palepale mpaka mtu abonyeze swichi. Kibodi ya PS/2 itapepesa taa zake. Ya USB kwa kawaida haionyeshi lolote, na watu husema mashine imeganda. Kusimama kwenyewe ni sahihi: kerneli ikigundua kuwa data zake za ndani zimevurugika, kuendelea kuandika kwenye diski ni kueneza uharibifu. Kosa ni kusubiri milele kwenye chumba kisicho na mtu.

Tiba ni faili moja, `/etc/sysctl.d/90-dharura.conf`, yenye mistari mitatu: `kernel.panic = 10`, `kernel.panic_on_oops = 1` na `kernel.sysrq = 502`. Kisha endesha `sysctl --system`. Mstari wa kwanza unaifanya mashine ijiwashe upya sekunde kumi baada ya paniki; wa tatu tutaurudia mwishoni. Mstari wa pili unageuza hitilafu ya oops, ambayo kerneli ingeivumilia na kuendelea ikichechemea, kuwa paniki kamili. Kwa seva tunaupendekeza bila kusita. Kwa laptopu yenye draiva mbovu ya Wi-Fi uache, utawasha upya kutwa.

Faili hiyo pekee haitoshi. Paniki ikitokea mwanzoni kabisa mwa kuwaka, haijasomwa bado. Ongeza `panic=10` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX` ndani ya `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya programu inayoanzisha kerneli, halafu endesha `update-grub`. Bila hiyo, diski ikichelewa kuonekana mashine inaishia kwenye `(initramfs)`, skrini ya dharura inayosubiri amri, na kukaa hapo hadi asubuhi. Na kwenye BIOS chagua mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Hilo kerneli haiwezi kulifanya.

RAM ikijaa ndipo Debian inapokatisha tamaa kweli. Kerneli huchagua mchakato wa kuua kwa kuangalia zaidi nani amekula kumbukumbu nyingi, na kwenye seva ya duka huyo mara nyingi ni MariaDB, programu ya hifadhidata, yaani daftari lenyewe la mauzo. Fungua `systemctl edit mariadb`, chini ya `[Service]` andika `OOMScoreAdjust=-600`, kisha uianzishe upya. Usiende hadi -1000: hapo umeikinga kabisa, na ikiwa ndiyo inayovujisha kumbukumbu, wengine wote watauawa kwa kosa lake. Ubaya mwingine ni swap (nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya ziada) iliyo kwenye diski ya kuzunguka. Kerneli huamini bado kuna kumbukumbu ya kurudisha, inahamisha kurasa huku na huko, na mashine inaweza kukwama dakika nyingi bila kuua chochote. Sakinisha `earlyoom`, yenyewe huua mchakato mapema, RAM iliyobaki na swap iliyobaki zote zikishuka chini ya asilimia 10.

`kdump-tools` ni nzuri kwa anayetaka kujua chanzo cha paniki: kerneli ya pili inaamka kwenye sehemu ya RAM iliyotengwa na kuhifadhi ushahidi `/var/crash`. Kutenga `crashkernel=256M` kwenye GB 4 ni kupoteza moja ya kumi na sita ya RAM moja kwa moja. Ukibana zaidi, kerneli ya pili nayo yaweza kuishiwa kumbukumbu, usipate faili. Kwa duka dogo, ruka.

Kinachostahili sifa bila masharti ni `errors=remount-ro`, ambayo kisakinishi huiweka kwenye `fstab`, orodha ya diski za kupachika. Ext4, mfumo wa faili wa diski hiyo, ikikuta kosa, diski inageuzwa ya kusoma tu. Programu ya mauzo italalamika "Read-only file system". Usiwashe upya mara tano ukitumaini itapona. Soma `dmesg` (ujumbe wa kerneli), angalia `Current_Pending_Sector` kwa `smartctl -a`, kagua kebo ya SATA, nakili data kwanza.

Mwisho, ile 502. Debian huja na 438, ambayo inakataa herufi E na I za SysRq (vitufe vya dharura vya kuiamuru kerneli moja kwa moja), zinazosimamisha programu. Kuongeza 64 kunazifungua. Mashine ikiganda, shikilia Alt na PrtSc, bonyeza R, E, I, S, U, B moja moja. Baada ya E hesabu sekunde kumi ili MariaDB ijifunge vizuri. Baada ya S subiri skrini iandike "Emergency Sync complete". Ukikimbilia B kabla ya hapo, mauzo ambayo hayajafika kwenye diski yanapotea na RAM.