Mchoraji ramani Mbeya: kazi safi, ila uwe na subira

Kwa mnaotafuta mtu wa kuwachorea ramani ya nyumba huku Mbeya, mi nimemalizana na dada mmoja ana kaofisi maeneo ya Kabwe, ni mbunifu majengo aliyesajiliwa kabisa, jina siweki hapa sijamuomba ruhusa. Nampa nyota nne.

Kilichonivuta kwanza aligoma kutaja bei kwenye simu, akasema twende saiti. Kiwanja kiko Isyesye na kina mteremko wa haja. Jamaa niliyeongea naye kabla, wale wanaouza ramani mtandaoni "vyumba vitatu, masta moja, tuma hela upate PDF", hakuuliza hata kama kiwanja ni tambarare! Sasa chukua ramani ya tambarare uibandike kwenye mteremko, upande wa chini msingi unapanda mpaka kifuani, mawe tripu juu ya tripu, kifusi cha kujazia, hela yote inaishia chini ya jamvi na ukuta hujaanza. Huyu dada akaigawa nyumba levo mbili, sebule juu, vyumba unashuka ngazi chache, msingi ukapungua mpaka fundi wangu ambaye huwa hakubali kitu akakubali.

Halafu baridi. Ramani nyingi zinazozunguka zimechorwa kwa joto la Dar, madirisha makubwa kila upande, upepo upite. Huku mwezi wa sita na wa saba huo upepo wa nini jamani? Akanielewesha kwamba miezi hiyo jua kwetu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo sebule na jiko vikaangalia huko, stoo na vyoo vikapelekwa kusini. Na haijaongeza hata tofali moja.

Kwenye paa tulibishana. Nilitaka paa la kuficha, lile bati linajificha nyuma ya ukuta, kama nyumba za kisasa zote, akasema nachora ukitaka ila mvua ya huku inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili, maji yote yanakusanyika kwenye gata nyuma ya ukuta, likiziba na majani tu yanashukia kwenye dari ya jipsamu. Tukaishia bati la kawaida lenye mwinuko mkali. Wife kanuna mpaka leo lakini ndo hivyo.

Nyota moja nimekata kwa kuchelewa. Simu hapokei, meseji anajibu usiku, ukiomba marekebisho madogo unasubiri mpaka unasahau uliomba nini. Na BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake, haimo kwenye bei yake, inafanywa na mkadiriaji majenzi kwa hela nyingine, hilo muulize kabla hujatoa advansi. Bei sio ya fundi wa mtaani, ila unapata michoro yenye muhuri ya kupeleka jiji kuombea kibali, ya fundi wanakurudishia.

Yeyote utakayempata muombe namba ya usajili kisha uliza AQRB, ndo bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ipo kwa sheria ya 2010. Akisita kutoa namba aga uondoke. Kama ni ghorofa utahitaji na mhandisi wa nondo na nguzo, huyo bodi yake ni ERB, asikudanganye mtu kwamba mmoja anafanya yote.

Anayetaka namba ya huyu dada aje inbox, ila Jumamosi msimpigie, anakuwa saiti na hapokei hata mkijaribu vipi.