Nililipia kalenda, nikapewa alfabeti

Jamani, msinunue albamu hii. Nasema hivyo nikiwa na hasira, na huko mbele huenda nikajipinga mwenyewe, lakini someni kwanza.

Ni muziki wa taratibu usio na maneno, uliotungwa kwa kufuata Tzolk'in, kalenda takatifu ya Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala na Meksiko. Siku 20 zenye majina, vipande 20. Mimi hushona usiku watoto wakishalala, na nyimbo zenye mashairi hunipoteza vipimo. Kwa hiyo niliponunua huu, mapema mwaka huu, nilikuwa na furaha kabisa. Nikaupakua kwenye simu, nikauwasha, nikakaa kwenye cherehani.

Kila kipande kinafunguliwa na tun, ngoma ya gogo lililochongwa, inagongwa polepole. Nikajikuta nahesabu. Mara 7. Kilichofuata, mara 3. Halafu 13. Halafu 5. Nikasimamisha cherehani. Kila siku ya kalenda hii ina namba pamoja na jina, na ngoma inagonga hiyo namba. Namba haziruki: zinakwenda 1 mpaka 13 sambamba na majina, kisha zinarudi 1 huku majina yakiendelea hadi 20. Baada ya siku iitwayo 13 Ben ni 1 Ix. Jozi ile ile hairudi mpaka zipite siku 260. Sasa hiyo 7, 3, 13, 5 imetoka wapi?

Nikaangalia orodha: Ajaw, Ak'bal, Ben, Chikchan. Mafaili yamekuja bila namba, simu ikayapanga kwa alfabeti! Ajaw, siku ya mwisho, imetangulia. Imix, inayoanzisha kila kitu, iko ya 9. Na mtunzi alikuwa ameunganisha vipande: Ik', upepo, unaishia kwa uvumi unaofifia, na Ak'bal, usiku, unaanzia palepale uvumi ulipoishia. Kwangu upepo ulikatwa kama kwa mkasi.

Nikawaandikia wauzaji kwa adabu. Jibu likaja: huu ni muziki wa kutuliza akili, mpangilio si muhimu, wewe pumzika tu usikilize. Nipumzike! Huko Momostenango, nyanda za juu za Guatemala, wako ajq'ij, walinzi wa siku, wanaohesabu siku hizi mpaka leo. Mtu husubiri siku inayofaa ifike ndipo achomewe kopali, utomvu mithili ya sandarusi yetu, na kuombewa. Hesabu hiyo imevuka uvamizi wa Wahispania na karne za kupigwa vita. Halafu anayekula pesa kwa jina lake ananiambia mpangilio si muhimu. Neno hilo limenikwama kooni hadi leo.

Usiku mwingine nikaamua kuyapa mafaili namba mwenyewe, moja moja. Nikazima taa, nikaanza na Imix. Wallahi, sijui niseme nini. Kuna gamba la kobe linalogongwa kwa pembe ya kulungu, kama wanamuziki waliochorwa ukutani Bonampak, magofu ya Wamaya kule Meksiko, tangu karne ya 8. Ni sauti kavu, ndogo, inajibiwa na kombe la baharini likipulizwa kwa mbali. Na kwenye Chuwen, siku ya mafundi na wasanii, ikaingia marimba. Marimba! Chombo cha taifa cha Guatemala tangu 1978, na jina lake ni la Kibantu, lilivuka bahari na watu wetu waliouzwa utumwani. Nilikaa gizani nikalia. Nunueni, basi. Mtunzi hana kosa hata kidogo, kazi yake ni ya moyo.

Lakini kila nikiandika hivyo nakumbuka lile jibu, na mkono unasita. Mtunzi alijipinda kuhesabu mapigo ya kila siku, wao wakashindwa hata kuandika 01 na 02. Mpaka leo hawajarekebisha wala kuomba radhi. Kwa hiyo kwao sirudi tena, na kama mtunzi atapata duka jingine, nitamlipa mara ya pili.

Mliokwisha nunua, pangeni hivi: Imix, Ik', Ak'bal, K'an, Chikchan, Kimi, Manik', Lamat, Muluk, Ok, Chuwen, Eb', Ben, Ix, Men, Kib, Kaban, Etz'nab, Kawak, Ajaw. Mkifika Ix sikilizeni vizuri: ngoma inagonga mara moja tu.