Rclone kwenye seva ya studio yetu Kisumu: uzoefu wangu wa miezi 14

Studio yetu iko Kondele. Tunapiga picha na video za harusi, mahafali na zaidi matanga. Zamani kila kitu kilikaa kwenye seva moja ya Ubuntu chini ya meza, na diski moja ya nje pembeni yake. Jioni moja ya Aprili radi ilipiga, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na ile diski haikuwaka tena. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja kutoka Ugunja kuomba nakala ya video ya mazishi ya mumewe. Nikamwambia, "Pole sana mama, imepotea." Akaniuliza, "Yote, mwanangu? Hata pale ndugu zake wanapoimba?"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta njia ya kupeleka faili zetu klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kuburuta mafolda kwenye kivinjari hakukufaa: mtandao ukikatika hujui kipi kimefika na kipi kimebaki, tena seva yetu haina hata skrini, naingia kwa ssh, yaani kwa kuandika amri kutoka kompyuta nyingine. Nikaishia kwa rclone, programu huria isiyolipiwa ya kunakili faili kwenda klaudi, iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood wa Uingereza. Inaelewana na Google Drive, Amazon S3, Backblaze B2, Dropbox na nyingine nyingi, na amri ni zilezile popote unapopeleka. Sisi tunatumia Google Drive.

Kuiandaa kulinichosha kidogo. `rclone config` inakuuliza maswali, unajibu moja moja, mpaka inapotaka kivinjari ili Google ikuruhusu. Kwa seva isiyo na skrini, weka rclone kwenye laptopu pia, endesha `rclone authorize` huko, kisha nakili msimbo unaotoka uubandike kwenye seva. Na tafadhali jitengenezee kitambulisho chako mwenyewe cha Google, yaani client ID. Kile kinachokuja na programu kinatumiwa na watu wa dunia nzima, na foleni yake utaihisi.

Tulikuwa na gigabaiti 640. Laini yetu inapakia megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ni kama gigabaiti 4.5 kwa saa ikienda vizuri. Mchana wenzangu wanahitaji mtandao kuwatumia wateja picha, kwa hiyo niliweka `--bwlimit "07:00,300k 20:00,off"`: mchana iende polepole, usiku iachiliwe. Angalia hapo, hiyo k ni kilobaiti, si kilobiti. Ukichanganya utaibana mara nane kuliko ulivyokusudia, au uiachie ilemee ofisi nzima.

Stima ilipotea mara nyingi katika wiki hizo mbili na zaidi. Kila iliporudi nilirudia amri ileile ya `rclone copy`. Rclone inalinganisha ukubwa wa faili na tarehe ya kubadilishwa, ikaruka zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizosalia. Kwa mji wenye ngurumo kama huu, hili peke yake lilinitosha kuipenda.

Lakini faili moja kubwa ikikatizwa katikati inaanza upya kutoka sifuri. Video moja ya gigabaiti 38 ilianza mara tatu, na kila safari ni usiku karibu mzima. Mwishowe niliikata vipande vya gigabaiti 2 kwa `split`. Faili ndogondogo nazo zina shida yake, maana Google Drive hupokea faili mpya kama 2 tu kwa sekunde. Folda ya picha 9,000 zilizopunguzwa za albamu ilitambaa vibaya, hata kama uzito wake ni mdogo. Sasa picha za namna hiyo nazifunga kwanza kwa `tar` ziwe faili moja.

Jambo ninalotaka kila mtu alisome ni tofauti ya `copy` na `sync`. Copy inapeleka faili mpya na zilizobadilika, lakini haifuti zilizoko upande wa pili. Sync inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, hata kwa kufuta. Niliiweka sync kwenye cron, kipangaji cha seva kinachoendesha amri kwa saa ulizoweka, nikiona ni safi zaidi. Usiku mmoja, baada ya stima kurudi, diski mpya haikujiunga na seva, folda yake ikabaki tupu. Saa 3 usiku cron ikaamka, rclone ikakuta chanzo hakina kitu, ikafuta nakala zote klaudi. Ilitii nilichoiagiza. Nilipoona logi asubuhi mikono ilitetemeka. Kilichotuokoa ni kwamba kwa Google Drive rclone hupeleka vilivyofutwa kwenye pipa la takataka, na vinakaa humo siku 30. Nilirejesha vyote.

Tangu hapo kazi ya kila siku ni `copy`, na skripti inahakikisha kwanza kwa `mountpoint -q` kwamba diski ipo. Nikihitaji sync naendesha `--dry-run` nione itakachofuta, kisha naongeza `--backup-dir` ili vinavyoondolewa vihamie folda nyingine.

Baada ya kupakia naendesha `rclone check`, inayolinganisha ukubwa na alama za faili (hash, namba inayokokotolewa kutoka kwa yaliyomo) pande zote mbili. Hata hivyo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nashusha folda moja na kuifungua video nikaitazama kweli, sauti na picha.

Video za familia zilizoomba faragha tunazifunga kwa crypt, sehemu ya rclone inayosimba faili na hata majina yake kabla hazijatoka kwenye seva. Nywila yake ikipotea, hakuna wa kukufungulia, hata Google. Ya kwetu nimeiandika kwenye karatasi mbili: moja iko kwenye sefu ya mwenye studio, nyingine nyumbani kwake Mamboleo.