OptimumLap: ya bure, nyepesi, lakini haijui uzito unavyoitesa tairi

OptimumLap, programu ya kompyuta ya kampuni ya OptimumG, ina kazi moja tu. Unaipa vipimo vya gari na ramani ya saketi (njia ya mbio za magari), nayo inakupa muda wa mzunguko na spidi ya gari kila hatua ya njia. Inatumia Windows, haidai malipo, na majibu yanatoka papo hapo kwa sababu gari zima limefanywa nukta moja yenye uzito. Shokapu hazimo, gari halilali kwenye kona, na ukishika breki uzito hauhamii mbele.

Tuseme unalinganisha Mazda MX-5 ya lita 2.0 na Toyota GR86, zote za giya za mkono. Ya kwanza ina kama kilo 1,060 na kilowati 135, ya pili kama kilo 1,275 na kilowati 170. Ongeza kilo 75 za dereva kwa kila moja. Ukifika kwenye giya utashtuka: uwiano wa giya ya kwanza ya Mazda ni 5.087, ya Toyota 3.626. Hakuna kosa hapo. Zidisha kwa uwiano wa difu, 2.866 na 4.1, upate 14.58 na 14.87, karibu sawa. Balaa huja ukinakili faili la gari moja ili utengeneze la pili, ukabadilisha giya na kuiacha difu ya zamani.

Tairi la 205/45 R17 lina nusu kipenyo cha milimita 308 hivi. Ukiweka kipenyo kizima, giya zote zinarefuka maradufu na gari halivuti. Torki (nguvu ya kuzungusha) nayo iwe ya injini. Ukichukua iliyopimwa kwenye magurudumu, weka ufanisi wa mfumo wa kuendesha magurudumu asilimia 100, la sivyo hasara inakatwa mara mbili. Na ukishusha uzito wa hewa kutoka kilo 1.225 hadi 1.06 kwa mita ya ujazo, kwa saketi iliyo mita 1,500 juu ya bahari, punguza na nguvu ya injini kwa karibu asilimia 14, maana injini hizi hazina turbo.

Shida kubwa iko kwenye mshiko wa tairi, yaani nguvu ya kushika barabara ikigawanywa kwa mzigo uliolikalia tairi. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 50, mshiko wa 1.0 unakupa kilomita 80 kwa saa, 1.1 unakupa 84. Kilo hazimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ukiyapa magari yote mawili mshiko mmoja, yanapita kona sawasawa, kisha GR86 inashinda kwenye njia iliyonyooka kwa kuwa na nguvu zaidi kwa kila kilo. Wepesi wa MX-5, ambao ndio sifa yake, unapotea bure. Tairi halisi ukilibebesha mzigo maradufu halikupi mshiko maradufu.

Dawa yake ni kushusha mshiko wa gari zito kidogo kidogo, 0.01 kila mara, huku ukitazama mchoro wa spidi badala ya muda peke yake. Mshindi akibadilika kabla hujafika 0.03, programu haijaamua chochote.

Programu nyingine, CarSim na CarMaker, zinaiga tairi na sasupensheni ipasavyo, ila ni za kulipia, na zinadai data za tairi ambazo mtu wa kawaida hazipati. Kwa maswali ya giya, difu na nguvu, OptimumLap inatosha kabisa. Kuchagua tairi, hapana.