Programu ya kusomea PDF: ipi uiamini, ipi uifute

Wengi wetu hatukuchagua programu ya kusomea PDF. Tuliikuta kwenye kompyuta, au fundi aliiweka siku alipokuwa anaweka mengine, na tangu hapo kila ankara, kila wasifu wa mwombaji kazi na kila risiti inafunguliwa humo humo. Ni programu ambayo kazi yake ya kutwa ni kupokea faili za watu tusiowajua. Ndiyo maana nasema ichaguliwe kwa uangalifu uleule unaouweka kwenye kuchagua kitasa cha mlango, hata kama nyingi kati ya hizi zinapatikana bure.

Kwanza itazame faili yenyewe. Chukua PDF yoyote uliyonayo, ifungue kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Mstari wa kwanza utakuta %PDF-1.7 au namba inayokaribiana nayo. Chini yake hakuna ukurasa. Kuna vitu vilivyopewa namba, kila kimoja na maelekezo yake: hii ni fonti, hii ni picha iliyobanwa, huu ni ukurasa wa tatu, uchore hivi. Humo humo aliyetengeneza faili anaweza kuweka neno /OpenAction, maana yake "fanya jambo hili mara faili inapofunguliwa". Anaweza kuweka /JavaScript, yaani programu ndogo ya kuendeshwa, au /Launch, amri ya kuwasha programu nyingine kabisa. (Usipoyaona maneno hayo usijipe moyo haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya faili huwa imebanwa na macho hayaioni.) Tunaita waraka, lakini kwa kompyuta ni orodha ya maagizo, na kisomaji ndicho kinachoyatekeleza.

Mwaka 2010 mtafiti wa Ubelgiji, Didier Stevens, alionyesha jinsi /Launch inavyoweza kuwasha programu iliyofichwa ndani ya PDF. Hakutumia kosa lolote la waandishi wa programu. Alitumia uwezo uliowekwa kwa makusudi. Kwenye Foxit, kisomaji kingine cha PDF, toleo la wakati huo, amri ilipita bila onyo. Kwenye Adobe Reader onyo lilitokea, ila sehemu ya maneno ya onyo hilo aliweza kuyaandika yeye mwenyewe.

Aina ya pili ya hatari ni makosa halisi, na mengi yamejificha kwenye sehemu zinazofumbua picha na fonti. Mfano wangu ni JBIG2, mbinu ya zamani ya kubana picha nyeusi na nyeupe za karatasi zilizopigwa skani. Mapema 2009 wadukuzi walikuwa wanalitumia tundu la JBIG2, yaani kosa linalompa mvamizi njia, ndani ya Adobe Reader kabla kiraka, yaani sasisho la kuliziba, hakijatoka. Miaka 12 baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, walikuta simu za Apple zikivamiwa na programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO. Faili ilikuja kupitia iMessage ikiwa na jina la kuishia .gif, kumbe ndani yake ni PDF, na ndani ya PDF kuna JBIG2. Mwenye simu hakubofya kitu. Project Zero, kundi la Google linalosaka matundu, walipoichambua walikuta maagizo zaidi ya 70,000 yaliyopangwa hadi yakawa kama kompyuta ndogo inayoendeshwa ndani ya kifumbua picha. Apple walitoa kiraka tarehe 13 Septemba 2021. Kampuni mbili tofauti, programu mbili tofauti, na mlango ni uleule ambao karibu hakuna msomaji wa kawaida anayejua kama upo.

Kwa hiyo sipangi visomaji kwa kuuliza kipi hakijawahi kuwa na tundu. Vyote vimewahi, na kile ambacho hakijaripotiwa hata moja mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyekichunguza. Nauliza mambo matatu. Je, kinafanya machache? Je, kimefungiwa kwenye kizimba, yaani kikivamiwa mvamizi anabaki humo asifikie faili zako nyingine? Na je, viraka vinaingia vyenyewe hata mtumiaji akisahau?

Nafasi ya kwanza: kivinjari ulichonacho tayari

Kwa kusoma kwa kawaida, siku hizi hakuna sababu ya kusakinisha kitu kingine. Chrome inasoma PDF kwa injini iitwayo PDFium, iliyotokana na kazi ya Foxit na kufunguliwa kama chanzo huria (yeyote anaweza kuusoma msimbo wake) mwaka 2014. Injini hiyo inaendeshwa ndani ya kizimba kilekile kinachozuia kurasa mbovu za wavuti. Anayeivunja bado yuko ndani, anahitaji tundu la pili ili atoke. Firefox walishika njia nyingine: waliandika kisomaji chao, PDF.js, kwa lugha ileile ya kurasa za wavuti, na kimekuwa ndani ya Firefox kwa watu wote tangu 2013. Makosa ya kutumia vibaya kumbukumbu ya kompyuta, kama yale ya JBIG2, hayana nafasi sana humo.

Haina maana kwamba ni salama kabisa. Agosti 2015 tundu kwenye PDF.js lilitumiwa kuiba faili kutoka kwenye kompyuta za watu waliotembelea tovuti iliyobeba tangazo lenye sumu. Mei 2024 kukapatikana jingine, safari hii kwenye namna inavyoshughulikia fonti, likazibwa katika Firefox 126. Ninachokithamini ni kilichofuata: viraka viliwafikia watu bila wao kutafuta chochote, kwa sababu kivinjari hujisasisha. Hiyo peke yake inatosha kukiweka kivinjari juu ya orodha yangu.

Edge nayo inafaa, ila fahamu kwamba mwaka 2023 Microsoft walitangaza kuweka injini ya Adobe ndani yake, kwa hiyo uwezo umeongezeka na mambo ya kulinda yameongezeka pia. Udhaifu wa vivinjari vyote ni kwenye fomu ngumu na kuthibitisha sahihi za kidijitali. Fomu nyingine za serikali na benki zitakuambia wazi kwamba hazifunguki hapo.

Nafasi ya pili: visomaji vidogo

Anayetaka programu ya pembeni kwenye Windows, namwelekeza SumatraPDF. Ni chanzo huria, ni ndogo, inafunguka kabla hujatoa kidole kwenye kipanya, na JavaScript iliyo ndani ya PDF haiiendeshi. Haina mbwembwe, na kwa usalama hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Ina mapungufu mawili ambayo sitayaficha. Haina kizimba cha nguvu kama cha Chrome. Na inakutaka wewe ukubali toleo jipya likitoka, kwa hiyo mtu mwenye tabia ya kuahirisha itamwacha nyuma. Halafu kuna suala la mahali unapoipakua. Septemba 2022 Microsoft waliripoti kwamba kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini lilikuwa linawafuata watu kwa ahadi za kazi, kisha kuwapa SumatraPDF iliyochezewa. Programu halisi haikuwa na kosa. Aliyeipata kutoka mikononi mwa mgeni ndiye aliyeumia. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, usiipokee kutoka kwa mtu.

Kwenye Mac, Preview inatosha na viraka vyake vinakuja na mfumo. Kwenye Linux kuna Evince na Okular. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, huifunga Evince kwa AppArmor, kinga inayoiwekea programu mipaka, jambo zuri. Hata hivyo Evince ilipata tundu baya mwaka 2017 lililomruhusu mvamizi kuendesha amri, na halikuwa kwenye PDF hata kidogo: lilikuwa kwenye uwezo wa kufungua vitabu vya katuni. Ukiona kisomaji kinajisifu kwamba kinafungua aina ishirini za faili, kumbuka tundu hilo.

Nafasi ya tatu: Adobe Acrobat Reader, ikiwa imerekebishwa

Hii ndiyo inayolengwa kuliko zote kwa sababu iko kila mahali. Novemba 2010 Adobe walileta kizimba kwenye Reader X, na mambo yalibadilika kweli. Ilichukua hadi Februari 2013 kuonekana shambulio halisi lililokitoboa. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilinasa PDF iliyohitaji matundu mawili kwa pamoja, moja la Reader na jingine la Windows, ili ifanye kazi. Kumlazimisha mvamizi atafute mawili badala ya moja ni faida kubwa. Lakini wavamizi hawajakoma: Septemba 2023 Adobe walitoa kiraka cha tundu ambalo tayari lilikuwa linatumika kushambulia watu.

Ichague kama unajaza fomu zisizofunguka kwingine, au kama kazi yako inategemea sahihi za kidijitali. Hapo kwenye sahihi simama kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walijaribu visomaji 22 vya kompyuta, na 21 vilidanganyika: waraka ulibadilishwa maudhui na kisomaji bado kikaonyesha kwamba sahihi ni halali. Matundu hayo yaliripotiwa kwa watengenezaji ili yazibwe, lakini kiraka hakimsaidii aliyebaki na toleo la zamani. Mwenye toleo la zamani anaweza kusoma mkataba ambao si ule uliosainiwa.

Ukiisakinisha, ingia kwenye mipangilio kabla ya kufungua faili ya kwanza. Kwenye ukurasa wa JavaScript ondoa alama ya tiki, imalize. Kwenye ukurasa wa usalama wa ziada hakikisha ulinzi wa kizimba unawaka kila programu inapoanza, kisha chagua faili zote zifunguliwe kwa mwonekano uliolindwa, ule unaoleta mstari wa njano juu na kukuacha usome tu mpaka uruhusu zaidi. Ukishazoea, mstari huo wa njano haukusumbui. Fomu ikikataa kwa sababu JavaScript imezimwa, iwashe kwa fomu hiyo unayojua imetoka wapi, kisha uizime tena.

Nafasi ya nne: Foxit na wenzake wa aina hiyo

Watu wengi waliihama Adobe kwenda Foxit wakitafuta wepesi, wakaamini wamepata na usalama. Sikubaliani nao. Uwezo wake ni mpana karibu kama wa Adobe, kwa hiyo milango ni mingi vilevile. Mwaka 2017 watafiti wa Zero Day Initiative, mpango unaonunua taarifa za matundu na kuwaarifu watengenezaji, walitangaza matundu mawili baada ya Foxit kusema mwanzoni kwamba haitayaziba, kwa kuwa hali yake ya usomaji salama inatosha. Baadaye walibadili msimamo wakayaziba.

Linalonisikitisha zaidi ni la 2024, lililoelezwa na kampuni ya usalama ya Check Point. Mtu anafungua PDF, kidirisha kinatokea kumwuliza kama anauamini waraka huu, na kitufe kilichokwisha chaguliwa ni cha kukubali. Anabonyeza Enter. Cha pili kinatokea kumwonya kwamba amri inataka kuendeshwa, na hapo pia kilichokwisha chaguliwa ni kufungua. Anabonyeza Enter tena, kama tunavyofanya sote tukiwa na haraka, na kompyuta imeshachukuliwa. Onyo lilikuwepo mara mbili, lakini lilipangwa upande wa mvamizi.

Kama ofisi yako inailipia Foxit kwa ajili ya kuhariri, itumie kwa kuhariri na uisasishe. Faili za wageni zifungulie kwingine.

Usinunue, usipakue: visomaji vya simu usivyovijua

Kwenye maduka ya programu za simu kuna visomaji vya PDF visivyohesabika, na baadhi ni mitego. Virusi vya benki viitwavyo Anatsa vimeingia kwenye Google Play zaidi ya mara moja vikijificha ndani ya programu za kusomea PDF. Mwanzoni programu inasoma PDF vizuri tu. Baadaye inaleta ujumbe wa "sasisho", kisha inaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri. Ukishaitoa, inaweza kuona kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako, pamoja na ndani ya programu ya benki.

Kisomaji cha PDF hakina haja yoyote na ruhusa hiyo. Kikiiomba, kifute saa hiyo hiyo. Simu za iPhone zinafungua PDF bila kuongezewa kitu, na kwenye Android Google Drive inatosha.

Kwa wanaopokea faili za wageni kila siku

Mwandishi wa habari, wakili, ofisa ajira: nyinyi hamwezi kuambiwa msifungue faili za msiowajua, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenu. Kwenu kuna Dangerzone, ya bure, inayosimamiwa na Freedom of the Press Foundation, kwa Windows, Mac na Linux. Inafungua waraka ndani ya chumba kilichotengwa kisicho na intaneti, inaugeuza kila ukurasa kuwa nukta za rangi tupu, kisha inajenga PDF mpya kutokana na nukta hizo. JavaScript haiwezi kuvuka kama nukta za rangi, wala fonti yenye sumu. Inapokea hata nyaraka za Word. Gharama yake ni muda: kurasa nyingi zinasubiriwa, viungo vinakufa, na maandishi hayatafutiki mpaka uchague kuyatambua upya. Kwa wasifu wa kurasa mbili ni jambo la kusubiri kidogo tu. Usiibadilishe kwa tovuti za kugeuza faili mtandaoni, kwa sababu hapo waraka wa siri wa mteja wako unakabidhiwa kwa mtu mwingine.

Ukishachagua, nenda kwenye mipangilio ya programu chaguo-msingi uiambie kompyuta PDF zifunguliwe na nini, kisha jaribu kwa faili uliyoitengeneza mwenyewe. Halafu pitia orodha ya programu zilizosakinishwa. Ukikuta Adobe Reader XI, iondoe leo. Iliachwa Oktoba 2017, haijapata kiraka tangu mwisho wa mwaka huo, na bado inafunguka kila mtu anapobofya faili kulia na kuichagua kwa mazoea.