eDIL na GPC: kamusi mbili za mtandaoni za kufuatilia jina la joho la Waselti

Waliosema Kiselti cha awali, lugha mama ya Kiayalandi na Kiwelisi (lugha ya Wales), hawakutuachia maandishi. Ndiyo maana *linnā, jina lao la vazi la kujitanda, huandikwa na kinyota mbele: limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye. Anayetaka kuikagua kazi hiyo mwenyewe anahitaji eDIL ya Kiayalandi na Geiriadur Prifysgol Cymru (GPC) ya Kiwelisi. Zote ni bure.

eDIL imetokana na kamusi ya Royal Irish Academy, iliyochapishwa kwa mafungu kuanzia 1913 hadi 1976. Ukitafuta lenn, umbo la Kiayalandi cha kale la neno hilo, utapata jinsia yake (ya kike), maana ya joho, na mifano kutoka maandishi ya kale. Kwa mifano, ni hazina. Asili ya maneno, hata hivyo, inaigusia kidogo sana, kwa hiyo usiishie hapo.

Pengo hilo linazibwa na GPC. Neno la kutafuta ni llen, umbo lake la Kiwelisi, ambalo siku hizi ni pazia. Wageni hukwamishwa na vifupisho vya Kiwelisi: Gwydd. ni Kiayalandi, Llyd. ni Kibretoni (lugha ndugu ya Kiwelisi, ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa), na H. ikitangulia maana yake ni "cha kale". Vikariri kwanza, bila hivyo sehemu ya asili ya neno haisomeki.

Kisha jiulize: lenn na llen zote zina e, hiyo i ya *linnā imetoka wapi? Irabu ā ya mwisho, ileile iliyobeba jinsia ya kike, iliivuta i chini ikawa e, halafu yenyewe ikadondoka. Kiayalandi na Kiwelisi zilifanya hivyo kila moja kivyake. Shahidi yupo nje ya lugha hizo mbili, na ni shahidi mzuri mno: askofu Isidore wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, anaitaja linna kwa Kilatini kuwa joho la mraba na laini, akimnukuu Plautus, mwandishi wa tamthilia wa Roma ya kale, anayeihusisha na Gallia (takribani Ufaransa ya leo). Humo i imebaki salama.

Kosa linalojirudia ni kuliunganisha neno hili na lín, yaani kitani. Maana zinashawishi, sauti zinakataa: lín ina irabu ndefu na n moja, *linnā ina irabu fupi na n mbili. Anayedai undugu lazima aeleze tofauti zote mbili. Kwa hiyo, unaponakili kutoka eDIL, usiiache alama ya urefu juu ya irabu.